Ndafu, Keki na Soda: Haki ya Mwenye Kisukari Kwenye Meza ya Sherehe

Maneno yaliyosomwa mbele ya wananchi katika soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, Novemba, kuelekea msimu wa sikukuu

 

Tulikuja hapa kuzungumzia lebo za vyakula vilivyofungashwa. Lakini asubuhi, kabla hatujafungua makabrasha yetu, mzee mmoja alitusogelea mezani akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Mjukuu wake anaoa mwezi ujao. Yeye mwenyewe ana kisukari, mwaka wa tisa sasa. "Wanangu," alisema, "siku ndafu itakapoingizwa ukumbini, mimi nitakuwa mtu wa kutazama tu? Nyumbani wameshaniambia nitabaki na uji wangu."

Swali hilo lilitunyamazisha. Tulitambua kwamba mzee yule hakuwa akiuliza habari ya nyama. Alikuwa akiuliza kama bado ana nafasi katika sherehe ya ukoo wake. Hivyo tumeamua kuyaweka makabrasha pembeni kwa muda, na kumjibu mbele yenu, kwa kuwa tunaamini wengi wenu mna mzee kama huyo nyumbani, au ni ninyi wenyewe.

Tuanze na haki. Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alizitaja katika ujumbe wake kwa bunge la nchi yake haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana Machi 15 huadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Mwenye kisukari ni mlaji kama walaji wengine. Ugonjwa haujamnyang'anya haki ya kuchagua. Umemwongezea tu hitaji la kupewa taarifa sahihi. Asiyejua kilichomo ndani ya chupa hachagui, bali anabahatisha.

Tukumbuke pia makatazo haya mazito yalikotoka. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, na kuanza kutumika kwa mgonjwa mapema mwaka 1922, madaktari hawakuwa na silaha nyingine ila njaa. Wagonjwa walipewa chakula kidogo mno ili waongezewe miezi michache ya kuishi. Mmoja wa wagunduzi hao, Frederick Banting, alizaliwa Novemba 14, na ndiyo sababu tarehe hiyo ikawa Siku ya Kisukari Duniani. Zama za njaa zimepita, lakini woga wake umebaki midomoni mwetu. Bado tunamwambia mgonjwa, "Usile hiki, usiguse kile," kama kwamba miaka zaidi ya 100 ya tiba haikuwahi kuwapo.

Hatusemi kwamba kila kitu sasa ni ruhusa. Sukari inayokaa juu mwilini kwa muda mrefu huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu. Huanza kwa ganzi ya miguu na huweza kuishia kwenye kidonda kisichopona. Tunachosema ni kwamba marufuku ya jumla haimlindi mtu. Anayekatazwa kila kitu hadharani hujifunza kula kwa kificho, na anayekula kwa kificho hapimi, hasemi, wala haandiki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuangalie chakula kinavyofanya kazi mwilini. Wanga na sukari tunazokula huvunjwavunjwa na kuwa glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoifungulia glukosi mlango wa kuingia katika chembe hai za mwili. Katika kisukari aina ya kwanza, insulini haipo au ni kidogo sana. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, mwili hauitii insulini ipasavyo, na baadaye kongosho nalo huchoka. Kwa hiyo kinachopandisha sukari ya damu kwa haraka ni wanga na sukari. Nyama na mafuta havifanyi hivyo kwa kasi hiyo.

Hapa ndipo tunapompa mzee wetu jibu lake la kwanza. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa, hana wanga wa kutia hofu. Vipande kadhaa vya nyama yake, hasa visivyo na mafuta mengi, havitaipandisha sukari kama vitu vingine vilivyo juu ya meza ile ile. Tahadhari yake ni chumvi na mafuta, kwa kuwa wengi wenye kisukari huwa pia na shinikizo la damu. Ajabu ya mambo ni kwamba katika sherehe nyingi tunamwondolea mzee nyama, kisha kwa huruma tunamfungulia soda.

Tuipime soda hiyo. Chukua chupa ya mililita 350. Ikiwa lebo inaonyesha gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, ndani ya chupa nzima mna gramu 35. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Hivyo mtu anayemaliza chupa hiyo amekunywa karibu vijiko tisa vya sukari, vilivyoyeyushwa tayari na visivyohitaji hata kutafunwa. Nani kati yetu angetia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha chai? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50 hivi kwa siku nzima. Chupa moja imekwisha kula zaidi ya theluthi mbili za fungu hilo.

Juisi ya miwa na juisi ya matunda huingia katika hesabu hiyo hiyo. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari. Likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Asali nayo, hata ikiwa safi kutoka mzinga wa jirani, ni sukari, wala si dawa ya kisukari.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: usinywe anasa yako, ila. Iwapo umeamua kuonja kitu kitamu siku ya harusi, kiwe kipande kidogo cha keki unachokitafuna kwa utulivu na kukifurahia, na kinywaji chako kiwe maji au chai isiyo na sukari.

Kanuni ya pili ni kubadilishana, si kuongeza. Keki ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Ukitaka kipande chake, punguza wali, chapati au ndizi katika sahani yako ya siku hiyo. Sahani yenyewe igawanye kwa macho: nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Anza na mboga na nyama, wanga ufuate, na kitamu kije mwisho, tumbo likiwa halina njaa kali.

Akina mama wa ndizi wasitununie. Ndizi ni uhai wa mlima huu, na hatukuja kuzipiga vita. Mtori ni chakula chema, una ndizi na nyama, lakini ndizi zilizopondwa ni wanga, na bakuli la pili ni wanga mara mbili. Bakuli moja dogo, likifuatana na mboga, linatosha. Kiburu kina maharage ndani yake, na maharage yana protini na nyuzinyuzi zinazosaidia kuituliza kasi ya sukari. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 27 hivi za wanga, na karibu nusu yake ni sukari. Ni tunda halali kwa wengi wenye kisukari, moja kwa wakati mmoja, si kichane. Aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake zimedhoofika asitumie ushauri huu wa ndizi kabla ya kumuuliza, kwa sababu ndizi zina madini mengi ya potasiamu.

Mbege inahitaji maneno yake peke yake. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, hivyo hubaki na wanga na sukari kiasi, na juu yake kuna kilevi. Kilevi hulizuia ini kutoa glukosi ya akiba. Kwa mtu anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya kunywa, hata usiku akiwa amelala. Ubaya zaidi, dalili za kushuka kwa sukari, yaani kupepesuka, kuongea ovyo na kusinzia, hufanana na ulevi, na ndugu waliomzunguka wanaweza kumwacha wakidhani amezidisha tu. Asiyekunywa asianze. Anayekunywa, na daktari wake hajamkataza, asinywe kabla ya kula, asipitishe kiasi kidogo, na awepo mtu anayejua kwamba ana kisukari.

Kanuni ya tatu: siku ya sherehe isivunje ratiba ya dawa. Tumesikia makosa mawili yanayorudiwa kila Desemba. Wapo wanaoshinda na njaa tangu asubuhi ili "waache nafasi" ya jioni, huku wamekwisha kumeza dawa. Hao huanguka kabla chakula hakijapakuliwa. Na wapo wanaoongeza kidonge kwa hiari yao ili "kulipia" keki. Dawa haiongezwi kwa kukisia. Kula kifungua kinywa chako kama kawaida, tumia dawa kwa saa yake, na kama unataka kujua namna ya kurekebisha dozi ya insulini kulingana na chakula, nenda ukafundishwe kliniki mapema, kabla ya siku yenyewe. Hospitali yetu ya wilaya iko hapo Bomang'ombe; Mawenzi na KCMC ziko Moshi. Baada ya kula, inuka. Kutembea kidogo, hata kuwasindikiza wageni hadi barabarani, huisaidia misuli kutumia glukosi iliyoko katika damu.

Kanuni ya nne ni kupima. Mwenye mashine ya kupimia sukari apime kabla ya kula, kisha saa mbili baadaye. Kwa watu wazima wengi, lengo la baada ya chakula ni kuwa chini ya milimoli 10 kwa lita. Daktari wako anaweza kukuwekea lengo tofauti. Andika ulichokula na namba uliyoipata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Baada ya sherehe mbili tatu, daftari lako litakuambia kwa hakika kama ni keki au ni ubwabwa uliokupandisha, jambo ambalo sisi kwenye kipaza sauti hiki hatuwezi kukuambia. Unaponunua vijiti vya kupimia, nunua katika duka la dawa lililosajiliwa, hakikisha ni vya mashine yako, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kikopo chake kifungwe vizuri wakati wote.

Na ikiwa sukari imeshuka? Mtu akitetemeka, akitoka jasho jingi, akipata njaa ya ghafla au akichanganyikiwa, na kipimo kikionyesha chini ya milimoli 4 kwa lita, sukari sasa ni dawa. Mpeni gramu 15: vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpime tena, na mrudie ikibidi. Kisha ale chakula. Hapa soda isiyo na sukari haifai kitu, kwa hiyo anayehudumia ajue tofauti ya chupa hizo mbili. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Sasa tufungue yale makabrasha tuliyoyaweka pembeni, kwa sababu rafu za duka la Mangi nazo zina mitego yake.

Katika lebo, viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umekwisha kujua unachonunua. Sukari hujificha pia chini ya majina mengine: sukrosi, glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya glukosi, asali. Angalia jumla ya wanga, si sukari peke yake, na uangalie kama namba zimeandikwa kwa gramu 100 au kwa kipimo cha mlo mmoja. Pakiti inayojisifu kwa gramu chache inaweza kuwa inahesabu biskuti mbili, ilhali wewe utakula kumi.

Maneno "haina sukari iliyoongezwa" hayana maana ya "haina sukari". Juisi ya nanasi isiyoongezwa sukari bado ina sukari ya nanasi. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyojulikana kama Codex, bidhaa huitwa isiyo na sukari ikiwa haizidishi nusu gramu katika gramu 100 au mililita 100. Na biskuti zinazouzwa kwa jina la wagonjwa wa kisukari, mara nyingi kwa bei ya juu, zinaweza kuwa hazina sukari lakini zimejaa unga wa ngano, ambao nao hugeuka glukosi. Tumekutana na mama mmoja aliyekuwa akimaliza pakiti nzima kila jioni kwa sababu ya picha na maneno ya mbele ya pakiti, akashangaa sukari yake haishuki. Pakiti ile haikumwambia uongo mtupu. Ilimwambia nusu ya ukweli, na nusu ya pili ilikuwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Liko pia tangazo linaloahidi kuponya kisukari kabisa kwa chupa tatu au kwa siku 21. Kisukari hudhibitiwa, wapo ambao, kwa kupunguza uzito na kwa usimamizi wa daktari, sukari yao hurudi katika kiwango cha kawaida bila dawa, lakini nao huendelea kufuatiliwa. Anayekuambia uache insulini kwa sababu ya chupa yake anahatarisha maisha yako. Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na baraza lake linalosajili waganga na dawa. Mwulize muuzaji usajili huo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na dawa pamoja na vifaa tiba viko chini ya mamlaka yake. Ukitilia shaka bidhaa, usiitupe: tunza pakiti, risiti na namba ya toleo, kisha toa taarifa. Haki ya kusikilizwa huanza kwa kusema.

Tumalizie kwa neno la nyumbani. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha watu wazima wa Shari, wilayani kwetu Hai, na wa Ilala, Dar es Salaam. Miongoni mwa wanaume, wenye kisukari walikuwa asilimia 1.7 Shari na asilimia 5.9 Ilala, miongoni mwa wanawake, asilimia 1.1 na asilimia 5.7. Damu haikuwa na tofauti kubwa kiasi hicho. Tofauti ilikuwa katika maisha: uzito, kukaa bila kutembea, na mazoea ya mjini. Tangu wakati huo mji umepanda mlima. Soda imefika kila kitongoji, na bodaboda imetupunguzia hatua. Kila Desemba watoto wetu wanaporudi kutoka mijini, huja na upendo, na upendo huo mara nyingi huja kwa kreti.

Kwa hiyo, ndugu wenye shughuli mwezi ujao, tunawaomba jambo jepesi. Wekeni maji mezani kabla ya soda. Wekeni mboga za kutosha. Keki ikatwe vipande vidogo kwa wote, ili mwenye kisukari asiwe peke yake mwenye kipande kidogo. Chakula kitoke kwa wakati, kwa kuwa kuna watu ukumbini waliokwisha kutumia dawa. Na msimketishe mzee pembeni na uji wake.

Mzee wetu bado yuko hapa, amesimama chini ya kivuli kile, nasi tunamjibu sasa kwa sauti ya kila mtu kusikia. Mzee, kwanza nenda kliniki wiki hii, umwambie daktari habari ya harusi, mpange pamoja. Siku ile kula asubuhi, tumia dawa yako kwa saa yake, nenda na mashine yako. Ndafu ikikatwa, pokea kipande chako, ule na mboga zako. Ukipenda keki, kata kidogo, na wali uupunguze. Soda waachie wengine. Kisha inuka umchezee mjukuu wako ngoma, maana hatua hizo nazo zimo katika tiba.